Laana Iliyofuata Mfereji

Tabea alikuwa msichana mcheshi, lakini akicheka alifunika mdomo kwa mkono. Meno yake yalikuwa ya kahawia. Kila asubuhi aliyasugua kwa mkaa mpaka fizi zikauma. Rangi haikutoka ng'o.

Hayo yalikuwa mambo ya wakati wa Mwingereza, huku kwetu kwenye miteremko ya Meru. Eliasi, kijana wa Mzee Sumari, alimpenda Tabea na kicheko chake, mkono ukiwemo. Alitaka kumwoa baada ya mavuno ya kahawa. Mama yake, Magdalena, akagoma.

"Babu yake Tabea alikata mti mkubwa pale chemchemini," Magdalena alisema huku akimenya ndizi. "Laana imewaingia kwenye meno. Wajukuu zangu wazaliwe nayo? Hapana."

"Mama, mti ule ulitoa mbao za kanisa unalosali," Eliasi alimjibu.

"Basi nenda kaoe kanisa."

Alikuwa na ulimi mama huyo, acha tu. Eliasi aliumia sana, akatoka nje bila kula.

Siku iyo hiyo alifika Bwana Afya, Athumani, mtu wa Arusha mjini aliyezunguka nyumba kwa nyumba akikagua vyoo na maji, hata akawajua watu wote. Magdalena alimpa kiti, akaendelea kumenya ndizi huku akimweleza habari ya laana. Alitegemea kuungwa mkono.

"Huenda ni laana, huenda siyo," Athumani alisema. "Tuulize kwanza. Jirani yako Lemburis ana meno gani?"

"Ya kahawia pia."

"Ni ndugu yake Tabea?"

"Wala. Yule ni wa kabila la Waarusha, hawana undugu."

"Na Kisioki, kaka yake Tabea? Si mjukuu wa mkata mti yule yule?"

Magdalena alipunguza kasi ya kumenya. "Kisioki ana meno meupe. Lakini alilelewa kwa shangazi yake, ng'ambo ya korongo."

"Huko wanakunywa maji gani?"

"Wana chemchemi yao. Lemburis na akina Tabea wanakunywa ya mfereji huu wetu."

"Sasa hiyo ni laana gani, Mama Eliasi, inayomruka mjukuu na kufuata mfereji?"

Wakati huo Elinaza, kitindamimba wa Magdalena, aliingia akicheka. Meno yake ya utotoni yalikuwa yameng'oka, na mapya yameota. Athumani alimwomba apanue mdomo. Meno mapya yalikuwa na madoa ya kahawia.

"Huyu hapigi mswaki," Magdalena alisema haraka.

"Nimepiga, mama," Elinaza alilalamika.

"Mlihamia hapa lini?" Athumani aliuliza.

"Huyu akiwa bado mgongoni."

"Na wakubwa zake, wenye meno meupe, walikulia wapi?"

"Ng'ambo ya korongo." Magdalena aliyasikia maneno yake mwenyewe, akaweka kisu chini. "Na babu zake Elinaza hawakukata mti wowote," alisema polepole.

Athumani alimweleza. Baadhi ya maji ya mlimani yana madini mengi kutoka kwenye mawe. Mtoto akiyanywa, meno ya ukubwani huota yakiwa na madoa. Mkaa hauyatoi. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi madini hayo. Dawa ni kuwatafutia watoto maji mengine, pale ambapo watoto wana meno meupe.

Magdalena aliangua kicheko. "Kumbe nilikuwa namkataza mwanangu kuoa mfereji."

"Kwa hiyo nioe?" Eliasi aliuliza kutoka mlangoni.

"Nani kakwambia usikilize? Kamwite Tabea, twende tukachote maji ng'ambo."

Siku ya harusi Tabea alicheka mdomo wazi, mikono ikiwa na kazi ya kushika maua. Miaka ikapita, Magdalena akibeba maji ya ng'ambo kichwani kila siku. Mtoto wake wa kwanza aling'oka meno, yakaota mengine meupe. Magdalena alifurahi kupita kiasi. Kila mgeni alilazimika kuchungulia mdomo wa mjukuu kabla hajapewa chai.

"Nani aliwatolea ile laana?" mgeni mmoja aliuliza.

"Debe," Magdalena alijibu, "na shingo yangu."