Tepu ya Ayany

Wanza, rafiki yangu wa kijiji cha Raila hapo Kibera, si mtu wa kutunga mambo. Miaka ya tisini mumewe alikuwa na banda la video. Mchana mmoja akamwambia, “Mama Hope, rudisha hiyo tepu mwanzo kabla uipeleke dukani, mtaa wa Ayany.” Ilikuwa sinema ya vichekesho: jamaa anarushwa enzi za kale, za mapanga na mifupa inayotembea.

Wanza akaingia gizani mwa banda, mwanawe Hope mgongoni, mtoto aliyekuwa tayari na meno ya kutafuna mahindi. Akaitia tepu kwenye mashine, ikaanza kurudi nyuma, ikivuma. TV ilikuwa imezimwa, lakini akasikia kwato za farasi. Hope akacheka, kisha akalia, sauti ikizidi kuwa nyembamba.

Mashine ikanyamaza. Wanza akafungua leso. Mdomoni mwa Hope hamkuwa na jino hata moja, na kitovu kilikuwa kibichi, kimefungwa uzi wa mkunga.