Ulijua Tangu Lini, Nyangi?

"Boke, sema tu. Tulikubaliana humu ndani hakuna wa kuadhibiwa kwa kusema ukweli," alisema Nyangi, aliyeongoza kikao.

Boke, mpokeaji wa maziwa katika kituo cha ushirika pale Butiama, alikodolea macho sakafu.

"Siku ile tangi niliona tangu asubuhi halipoozi. Niliogopa kumwambia meneja. Ukimpelekea tatizo anakufokeaga kama mtoto. Nikanyamaza, maziwa yote yakachacha."

Wenzake wakaguna kuunga mkono. Alfonce, meneja mwenyewe, akamgeukia Nyangi, mchumba wake.

"Na wewe, Mwalimu, unaona hivyo?"

Nyangi akafunga daftari lake.

"Ni kweli, Alfonce."

Nyangi alifundisha menejimenti kwenye chuo kimoja Musoma. Alikuwa amechoshwa na tafiti za kuhoji watu, kuandika, kisha kutokomea. Yeye alitaka utafiti wa vitendo: akae na wafanyakazi, watafute tatizo pamoja, wajaribu dawa yake, waone kama inafanya kazi, warekebishe. Alfonce ndiye aliyemwita, wafugaji walipoanza kukimbia kituo. Mapenzi yalikuja baadaye, katikati ya kazi. Wazee wa Alfonce walikuwa wameshapeleka posa Bunda, kwa kina Nyangi.

Kikao kilipoisha, Alfonce alimvutia nyuma ya kituo, yalipoanikwa madumu.

"Ulijua tangu lini?"

"Alfonce, sikia..."

"Tangu lini, Nyangi?"

"Kabla ya posa. Boke aliniambia wanakuogopa, nikamwahidi sitamtaja."

"Ungeniambia mimi tabia yangu bila kumtaja mtu! Jumapili ulikuwa kwetu Nyegina, umesonga ugali na mama, umecheka naye. Kumbe hata jikoni kwa mama ulikuwa kazini?"

"Sikuwa kazini! Njia hii inataka watu waseme wenyewe, wewe usikie kutoka kwao. Ningekuwahi mimi kukwambia, ungemfukuza Boke."

Alfonce akajibu kwa sauti iliyoshuka.

"Pengine ningemfukuza. Ila ulipaswa kunijaribu kwanza, kama mwenzako. Wewe umeniacha nivuliwe nguo mbele za watu."

Aliondoka bila kugeuka. Jioni ujumbe ukaingia:

"Nimewaambia wazee wasiende tena Bunda. Kituoni uje kwa kazi tu."

Nyangi alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikazimwa kabisa.

Cha kumuuma zaidi, Alfonce hakuharibu kazi. Alikaa kwenye vikao, akaulizwa, akajibu bila kupaza sauti. Wafanyakazi wakaanza kumfuata ofisini kabla mambo hayajaharibika. Wafugaji wa kijiji cha Buswahili wakarudi kuleta maziwa yao. Chuoni Nyangi alipowasilisha utafiti, wakubwa zake walisimama kumpigia makofi. Mmoja akasema, "Sasa vitabu vyetu vimekutana na kazi!" Nyangi akatabasamu, kisha akaenda kujifungia chooni, akalia.

Ilibaki kurudisha matokeo kituoni. Wengine walipotoka, alibaki na Alfonce.

"Umebadilika," Nyangi alisema.

"Nimebadilika kweli. Siku hizi Boke ananibishia waziwazi, na mimi nasikiliza. Kazi yako ni nzuri, Mwalimu."

"Usiniite Mwalimu. Nilikosea, Alfonce. Nilikuwa na kofia mbili, nikavaa ile ya chuo hata pale ulipohitaji nyingine. Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani."

"Basi turudi. Mwenyewe nitaongea na baba."

Alfonce alitikisa kichwa. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nakupenda bado, sikufichi. Lakini nikikuoa, kila siku ukinyamaza nitajiuliza: leo anajua nini ambacho hajaniambia? Nyumba ya namna hiyo hailaliki, Nyangi."

Utafiti wote wa Nyangi haukuwa na jibu la hilo.

Kesho yake alikwenda Bunda. Mama yake, Gaudensia, alikuwa ukumbini akipima kitambaa kipya.

"Mwanangu, umekuja! Hiki kitenge nimenunua kwa ajili ya kupokea wageni wetu. Niambie, wakwe wamesema wanakuja lini?"

Nyangi akamshika mama yake mkono, akamkalisha.

"Hawaji, mama."

"Kwa nini? Wamekosea nini?"

"Wao hawajakosea kitu," alisema, akaegemeza kichwa begani kwa mama yake. "Kaa nikwambie. Safari hii nitakwambia yote."