Rimu Mpya za Titus

Jumamosi katika soko la Kakamega hata mguu wa pili hukosa mahali pa kukanyaga, na ndipo kijana mmoja alipoona panafaa kuegesha pikapu: katikati ya njia, kati ya mama wa nyanya na mama wa omena, dagaa wa ziwani. Ilikuwa pikapu nyekundu ya milango minne, mistari miwili myeusi juu ya boneti, ekzosi inanguruma hata gari likiwa limesimama. Watu waliipita kwa ubavu wakimlaani mwenyewe chinichini.

Zilpah hakuweza kupita kwa ubavu. Alikuwa amekumbatia draya ya saluni, ile ya kofia kubwa, na sketi yake ya kitenge ilikuwa imembana asiweze kuruka mtaro.

"Kaka, hili ni soko ama ni chumba chako cha kulala?"

Kioo kikateremka. Ndani kulikuwa na kijana wa shati jeupe, ndevu zimechongwa vizuri. "Pole, mrembo. Nilikuwa nangoja mtu."

"Nani?"

"Sikuwa namjua mpaka umefika."

"Maneno hayo nayasikianga saluni kila siku. Songesha gari."

"Niambie kwanza hiyo draya inaenda wapi, tusonge pamoja."

"Panda, dada!" mama wa omena akapaza sauti. "Panda utuondolee huyu mtu hapa, tuuze!"

Zilpah akacheka bila kupenda, na akapanda.

Hapa nawaomba mabinti msimame kidogo. Msichana akiingia katika gari la mwanamume huangalia viti, husikiliza muziki, hunusa marashi. Nani huuliza habari ya breki? Zilpah hakuuliza. Aliambiwa tu kwamba dereva anaitwa Titus Wanzala, kwao ni Mumias, kazi yake ni kufunga pampu za maji, hata Likuyani wanamwita. Alipofika Lurambi kwenye saluni yake, namba ya simu ilikuwa imeshaingia.

Basi zikaanza simu. Asubuhi: "Bebi, umekunywa chai?" Mchana: "Bebi, leo unasuka nani? Mwambie akae vizuri asinichoshee mtu wangu." Jioni akampitia, wakala kuku, wakazunguka mji. Titus alikuwa mpole katika kila jambo isipokuwa uendeshaji. Injini ya ile pikapu alikuwa ameiongezea nguvu kwa fundi mmoja wa Eldoret, na akiigusa ilikuwa inaruka kama imechomwa sindano. Breki ndizo zilizokuwa zile zile ambazo gari lilizaliwa nazo.

"Mbona unashikilia mlango?" alikuwa akimuuliza Zilpah.

"Nashikilia roho yangu, isishuke kabla yangu."

"Ai, Zil! Wewe ni mwoga kama mama yangu."

"Mama yako namheshimu sana."

Asubuhi moja walikuwa wakirudi kutoka Chavakali. Titus alikimbia, akakanyaga breki, akakimbia, akakanyaga tena, kila mteremko na kila lori. Zilpah akaanza kusikia harufu kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Alipofungua mdomo kusema, walikuwa wameanza kushuka kuingia Khayega, na barabara mbele ilikuwa imejaa watu. Fahali mmoja alikuwa ameshinda mapigano ya mafahali, na wenyewe walikuwa wanamrudisha nyumbani kwa ngoma za isukuti na firimbi, matawi mikononi, lami yote yao.

Titus akakanyaga. Pedali ikazama mpaka sakafuni, laini kama matope.

"Titus!"

"Breki hakuna! Jishike!"

Akaizungusha pikapu kushoto, ikaruka mtaro, ikalala pua yake ndani ya shamba la majani ya nepia. Isukuti zikanyamaza. Watu wakaja mbio, na fahali mwenyewe akaletwa karibu, akaitazama ile boneti nyekundu bila haraka.

"Kijana," akasema mwenye firimbi, "hata huyu mnyama akiambiwa simama, anasimama!"

Kicheko kikapasuka. Zilpah hakucheka.

"Titus, ungeua watu."

"Lakini sijaua."

Jibu hilo ndilo lililomuumiza kuliko kishindo cha mtaro. Akashuka, akajikung'uta majani. "Sikiliza. Nakupenda, sikatai. Lakini mguu wangu hautaingia tena humu mpaka uweke breki zinazolitosha hili gari."

Titus akainamisha kichwa. "Nitaweka, Zil. Naapa."

Nyumbani, mama yake Zilpah, aitwaye Sellah, alisikiliza habari yote akiwa amesimama na mwiko mkononi. "Gari la kelele namna hiyo! Mwenyewe hata Mungu akimwita hasikii. Muache."

"Mama, ameahidi."

"Hata mimi naahidi. Nitakuzika nikilia."

Siku zikaenda. Titus akawa haonekani, simu zake fupi fupi. "Nitakuja, bebi, kuna kitu natengeneza." Kisha mchana mmoja, Mitchel, msichana anayesuka nywele pamoja na Zilpah pale saluni, akapiga kelele mlangoni: "Manze, njoo uone mtu wako!"

Pikapu nyekundu ilikuwa inapita polepole. Imeoshwa, inameta, na chini yake rimu mpya, kubwa, nyeusi tii, zinang'aa kama macho ya paka.

Moyo wa Zilpah ukaanguka. Rimu! Akachukua simu kwa mikono yenye mafuta ya nywele. Mitchel, mpenda umbea, akanyoosha kidole akabonyeza spika, na Zilpah, kwa hasira, akaiacha hivyo.

"Titus, nimeona rimu."

"Umeziona? Si ni kali! Bebi, nilitaka nije mwenyewe niku—"

"Nilikuomba breki, wewe ukanunulia magurudumu urembo."

"Zil, ngoja nikueleze."

"Unieleze nini? Kwamba maisha yangu hayang'ai vya kutosha?"

Saluni ikalipuka kwa kicheko. "Mwambie!" akasema mteja mmoja kutoka chini ya draya. "Wanaume wa magari ndivyo walivyo!"

Sauti ya Titus ikaja, ya chini. "Zilpah, umeniweka kwa spika?"

Zilpah hakuweza kusema uongo. "Ndiyo."

"Basi na hili walisikie. Kwaheri."

Hakupiga tena. Zilpah naye hakupiga. Mwanzoni Sellah alifurahi, akaimba jikoni. Lakini aliona obusuma, ugali wa jioni, unabaki kwenye sahani, aliona binti anaangalia simu isiyolia, na wimbo ukamkauka mdomoni. Mama anaweza kutaka mtoto wake awe salama na bado asipende kumwona ananyauka.

Asubuhi moja Zilpah alikuwa juu ya bodaboda akienda kumsuka bibi harusi, na mwenye boda akasimama pale wanapooshea magari ajaze upepo. Pikapu ilikuwa hapo. Maji yalikuwa yanapigwa kwenye magurudumu, na katikati ya nafasi za ile rimu nyeusi Zilpah akaona kitu. Siku moja zamani Titus alipobadilisha gurudumu lililotoboka, Zilpah aliwahi kuona diski ya breki: kisahani kidogo chenye kutu. Hii ya sasa ilikuwa pana kama sinia, imetobolewa vitundu, na chuma cha buluu kimeibana kama ngumi.

Akashuka. Titus alikuwa kwenye benchi, hakuinuka.

"Hiyo ni nini ndani ya gurudumu?"

"Si wewe unajua? Ni urembo."

"Titus, tafadhali."

Akapumua. "Ni breki. Mbele na nyuma. Diski kubwa, pedi mpya, paipu mpya, na mafuta yasiyochemka haraka. Fundi alipomaliza kufunga, rimu zangu za zamani zikakataa kuingia. Ndogo. Zinagusa chuma, gurudumu halizunguki. Ikabidi nitafute rimu za kuzimeza breki. Zilizopatikana ni hizo zinazong'aa."

Zilpah akahisi uso wake ukiwaka. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia. Watu wakanicheka."

Zilpah akatoa simu, akapiga. "Mitchel, weka spika. Wako wangapi? Vizuri. Wamama, nisikilizeni nyote. Ni mimi Zilpah. Siku ile mlimcheka Titus bure. Aliweka breki, tena kubwa, kwa ajili yangu, na mimi nikamwaibisha bila kumsikiliza. Namwomba msamaha mbele yenu."

Vigelegele vikatoka kwenye ile simu mpaka waosha magari wakageuka. Titus akafunika uso kwa kiganja, akacheka. "Wewe msichana! Haya, panda."

"Bado. Mama yangu apande kwanza, aone."

Sellah alikataa, akakataa tena, kisha akakubali, kwa sababu alitaka aone kwa macho yake. Safari ilikuwa ya kwenda Mumias kumsalimia mama yake Titus. Akakaa mbele kwa gauni lake la kanisa, akavuta mkanda mara mbili kuhakikisha umeshika. Zilpah akakaa nyuma. Titus aliendesha kama amebeba mayai.

Kabla ya kufika, mahali miwa imefunika barabara pande zote mbili, trekta ikachomoka shambani na trela mbili zilizojaa miwa, bila kuangalia kulia wala kushoto.

"Yesu wangu!" akalia Sellah.

Mguu wa Titus ulishafika kwenye breki. Pikapu haikuyumba, haikulia, haikuteleza. Iliinamisha pua yake ikasimama kama imekamatwa na mkono. Mikanda ikawarudisha vitini. Muwa mmoja ukaporomoka kutoka kwenye trela, ukaanguka mbele ya boneti.

"Zilpah, uko?"

"Niko, Mama."

"Mzima?"

"Mzima."

Titus akamgeukia Sellah. "Mama," akasema, "nilipanga kuongea tukifika nyumbani, lakini siwezi kungoja. Namwomba binti yako. Zil, nataka nikuoe. Nitakupeleka salama kila mahali, siku zote."

"Katikati ya barabara?" Sellah akashangaa.

"Titus," akasema Zilpah, machozi yamemjaa, "toa kwanza gari barabarani, ndipo nikujibu."

Akalitoa. Akawasha taa za tahadhari, akavuta breki ya mkono, akageuka. "Haya. Utakubali?"

"Sasa nimekubali. Na nimekubali kabisa!"

Sellah akateremsha kioo na kutoa kigelegele kirefu, mpaka wakata miwa waliokuwa ndani ya shamba wakainua panga zao na kumjibu kwa shangwe. Kisha akapandisha kioo, akajipangusa macho, akanyoosha gauni.

"Twende, mkwe wangu. Na usikimbie."