Kopo la Paa na Nyundo ya Babu

Kila Ijumaa jioni, kabla ya chakula, mama yake Maren aliyashusha makopo manne ya kahawa kutoka juu ya friji na kuyapanga mezani. Kila kopo lilibandikwa karatasi yenye jina: GARI, MENO, PAA, TROMBONI. Baba aliendesha lori la nafaka, mama alipika katika jiko la shule, na mishahara yao haikuwa ya kuchezea. Wakishalipa umeme, chakula na ada ya bima, kilichobaki kiligawanywa humo, dola tano huku, kumi kule. Maren, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alisoma majina kwa sauti na mama akatumbukiza noti.

"Paa," alisoma Ijumaa moja, mwanzoni mwa Juni. "Mama, paa letu halivuji hata tone. Mbona linakula kuliko mimi?"

"Linakula sasa ili lisije likatula sisi."

Babu Arvid alicheka kutoka kwenye kiti chake karibu na dirisha. "Hapa Nebraska, mjukuu wangu, mawe ya barafu hayapigi hodi."

Maren alinuna kidogo. Kopo alilolipenda lilikuwa la mwisho. Tromboni aliyoipiga katika bendi ya shule ilikuwa kongwe kuliko mwalimu wake, na mrija wake wa kuvuta ulikwama kila alipozifikia noti za chini. Dukani kulikuwa na moja iliyotumika, inang'aa, kwa dola mia nne na ishirini. Kopo lake lilikuwa na mia tatu na kumi. Alizijua kwa moyo kama alivyojua jina lake.

Wiki moja baadaye, Jumamosi alasiri, anga upande wa magharibi liligeuka kijani cha kutisha. King'ora cha mji kikalia. Baba, mama na Maren wakakimbilia chumba cha chini ya nyumba, lakini Babu akabeba kiti chake na kwenda kukaa kwenye mlango wa gereji, kama wafanyavyo wazee wote wa mji ule.

"Baba mkwe, ingia ndani!" mama alipiga kelele.

"Si nipo chini ya paa? Niingie wapi tena?"

Mvua ya mawe ikaanza. Ilikuwa kelele ya magunia ya viazi kumwagwa juu ya bati, na ilidumu dakika kumi tu. Walipotoka nje, nyanya za mama zilikuwa zimelala chini, zimekatika zote, na kioo cha gari la jirani kilikuwa kimepasuka. Hata hivyo mtaa mzima ulikuwa nje unacheka na kubishana, kila mtu ameshika trei ya mayai akipima jiwe gani linajaza shimo la yai na lipi linapita. Baba alichagua mawe matatu makubwa kuliko yote, akayatia kwenye mfuko wa plastiki, akaandika tarehe, na kuyaweka kwenye friza kati ya kuku na njegere.

"Ya nini hayo?" Maren aliuliza.

"Ushahidi. Mtu wa bima akija, hatutamsimulia, tutamwonyesha."

Kesho yake Maren alimkuta Babu barazani na glasi ya chai baridi. Ndani ya glasi lilielea jiwe moja kubwa, jeupe.

"Babu! Huo ni ushahidi!"

"Basi ni ushahidi mtamu," alisema Babu, akapiga funda jingine.

Mama aliposikia alishika kiuno, kisha kicheko kikamshinda. Akachukua kalamu na kuandika juu ya mfuko wenye mawe mawili yaliyobaki: SI KWA CHAI.

Jumatatu, kampuni ya bima ilisema mkaguzi angefika Alhamisi. Jioni ile baba aliegemeza ngazi ukutani, akapanda kuangalia. Aliposhuka, uso ulikuwa na wingu.

"Upande wa magharibi vigae vimepondwa vibaya," alisema wakati wa kula. "Huo bima watalipa. Dola elfu mbili na mia tano za mwanzo ni zetu, ndivyo tulivyokubaliana nao, zinazozidi ni zao. Na kopo la paa lina elfu mbili na mia sita."

"Mungu mkubwa," alisema mama. "Miaka mitano ya dola kumi kumi."

"Ninachohofia ni mashariki, upande wa nyuma. Upepo ulitoka huku, kwa hiyo kule mawe yameruka tu. Mkaguzi huchora mraba kwa chaki na kuhesabu. Asipopata alama nane ndani yake, upande huo hawalipi. Na mimi si fundi, lakini vigae vya kule navyo naviona vimechoka. Tukilazimika kuvibadilisha sisi wenyewe, ni dola elfu nne." Aliyatazama makopo juu ya friji. "Itabidi tuyamwage yote."

Maren alisikia neno yote, na uma ukamwia mzito mkononi.

Jumanne jioni ilikuja pikapu yenye namba za jimbo jingine. Akashuka kijana mwenye shati safi na tabasamu pana, akajitambulisha kuwa fundi wa mapaa. Ngazi yake ilikuwa mkononi tayari.

"Dada, hilo fungu lenu la mwanzo wala msilitoe," alimwambia mama. "Mimi naongeza kidogo kwenye hesabu ninayowapelekea bima, mambo yanakwisha. Na huko nyuma, ambako mawe yamewanyima, paa husaidiwa kidogo." Akafanya kwa mkono kama mtu anayegonga kwa nyundo, tup, tup, akakonyeza jicho.

Mama hakutabasamu. "Kaka, ngazi yako hiyo hapo, na barabara ile pale."

Alipofunga mlango alisema, "Mwizi mwenye kadi ya biashara!" Maren alilisikia neno mwizi vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba aliisikia pia ile tup, tup, na hiyo ndiyo iliyombakia kichwani.

Jumatano mchana wazazi walikuwa kazini, kwani jiko la shule hulisha watoto hata wakati wa likizo, na Babu alikuwa amesinzia mbele ya mchezo wa besiboli kwenye televisheni. Ngazi ya baba ilikuwa bado nyuma ya nyumba, mahali ambapo paa huteremka chini hadi kwenye baraza. Maren aliichukua nyundo ya Babu yenye kichwa cha mviringo, akapanda. Akagonga mara nane. Akaongeza ya tisa, isije moja ikakataliwa.

Alidhani atashuka na furaha. Wapi! Alirudisha nyundo mahali pake, akanawa mikono mara mbili, na usiku hakumaliza maharage yake, yeye ambaye kwa kawaida hufuta sahani kwa mkate.

Alhamisi baba na mama waliomba ruhusa kazini. Mkaguzi alifika saa tatu asubuhi, mwanamke wa makamo aliyechomwa na jua, buti miguuni, chaki mbili mfukoni. Aliitwa Bi. Trujillo. Mama alimkaribisha kahawa na kipande cha pai, kisha akatoa mfuko kwenye friza. Bi. Trujillo akasoma maandishi na kucheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Kila nyumba wana mtu wa chai," alisema. "Ila hapa pananipendeza. Wiki iliyopita nimetoka nyumba moja nimekasirika. Mawe yaliwapiga kweli, lakini wakaongeza yao kwa nyundo. Mimi nikiona alama moja ya nyundo, nafunga faili lote. Hata ule upande ulioumia kweli hawapati senti."

"Wote?" Maren aliuliza.

"Wote, binti. Nitaaminije hizo nyingine?"

Wakatoka nje. Bi. Trujillo alipanda upande wa magharibi, akachora mraba, na ndani yake akazungushia chaki pigo moja baada ya jingine. "Kumi na nne!" alipaza sauti. Baba alimpiga mama bega kwa furaha. Kisha mkaguzi akashuka, akaibeba ngazi yake begani, akaelekea nyuma.

Maren alimtazama mama yake. Mama alikuwa anatabasamu, mikono ameifunga kwenye aproni, mwanamke aliyeweka dola kumi kumi kwa miaka mitano bila kukosa hata Ijumaa moja. Maren aliona kopo lile likimwagika lote, na paa likivuja, na kosa likiwa la mkono wake. Tromboni ikampotea kabisa akilini.

"Usipande!" alisema.

Bi. Trujillo alikuwa ameshaweka buti kwenye kipandio cha kwanza. "Nini, binti?"

"Kule juu... ni mimi. Jana mchana niligonga kwa nyundo ya Babu. Mara tisa. Mama hajui, Baba hajui. Tafadhali usifunge faili." Kilio kikampanda, maneno yakaishia hapo.

Baba alikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Sogea kidogo," alisema Bi. Trujillo kwa utulivu, akapanda. Walimsikia akitembea juu, akisimama, akitembea. Aliposhuka alijifuta mikono kwenye suruali.

"Tisa kweli. Zote saizi moja, zimejipanga kama watoto kwenye foleni. Mawe hayajui foleni. Halafu bomba la hewa lililo pembeni yake halina hata kovu. Ningezigundua kabla sijaimaliza ngazi." Akamgeukia baba. "Kama ningezigundua mwenyewe, tungekuwa tunaongea mambo mengine sasa hivi. Lakini nimeambiwa kabla sijapanda, na aliyeniambia ni mwenye nyundo. Nitaandika yaliyotokea kama yalivyotokea. Magharibi, mawe, bima italipa. Hizi tisa ni zenu."

"Na upande huu wote?" baba aliuliza. "Si inabidi ubadilishwe?"

"Ubadilishwe kwa nini? Ukuukuu tu. Una miaka minane mingine, pengine kumi."

Maren aliinua uso uliolowa. "Kwa hiyo ulikuwa mzima?"

"Ulikuwa mzima mpaka jana mchana," alisema Bi. Trujillo.

Mama alisubiri gari la mkaguzi likunje kona. Ndipo alipoanza, na alianzia kwenye ngazi: mtoto kupanda paa peke yake, angeanguka, angevunjika shingo, nani angemwokota, mzee aliyelala? Baada ya hapo akaja kwenye nyundo. Maren alisikiliza yote bila kujitetea. Mwisho mama alimvuta na kumkumbatia kwa nguvu, bado amekasirika.

"Ulitaka kulinda kopo lako, najua. Ungeniuliza. Ningekuambia hatujui bado, tusubiri mkaguzi. Ukaenda kumsikiliza mtu niliyemfukuza mlangoni!"

Kurekebisha vigae tisa kuligharimu dola mia moja na themanini, na zilitoka kwenye kopo la TROMBONI. Maren ndiye aliyezitoa na kuzitia mkononi mwa fundi, fundi wa mji ule ule ambaye baba yake alisoma na Babu. Julai nzima aliamka gizani kupanda basi la vijana wanaokwenda kung'oa maua ya juu ya mahindi katika mashamba ya mbegu. Majani yalikuwa na umande na yalichana mikono, na jua likipanda hapakuwa na kivuli. Lakini alipokea hundi yake ya kwanza maishani, akaizungusha nyumba nzima kumwonyesha kila mtu, hata mbwa wa jirani.

Agosti paa jipya la magharibi lilikamilika. Mama alituma risiti zote, na bima wakaleta kiasi walichokuwa wamekishikilia mpaka kazi iishe. Upande wa mashariki ulibaki mkuukuu, isipokuwa kiraka cha vigae vipya vyeusi zaidi, kilichoonekana wazi kutoka kwenye kamba ya nguo.

"Babu, kile hakiwezi kupakwa rangi?" Maren aliuliza siku moja akianika mashati.

Babu alikitazama kiraka. "Kiache. Bima hulipa kilichovunjwa na mawe, mjukuu wangu. Kilichovunjwa na mkono wa mtu hulipwa na mwenye mkono. Na uongo hauna bima popote, hata ulipe ada miaka mia. Wewe uliusema mapema, ndiyo maana umelipa vigae tisa badala ya paa zima."

Ijumaa ile makopo yalishushwa kama kawaida. La PAA lilikuwa na dola mia moja tu ndani, na noti zilizama chini kabisa. La TROMBONI lilikuwa na mia nne na arobaini, zikiwemo hela za mahindi. Wote walijua bei ya dukani, na wote walimsubiri asome.

"Paa," alisoma Maren. Akatoa noti ya dola ishirini kwenye kopo lake na kuitumbukiza kwenye lile jingine.

"Nani amekuambia?" mama aliuliza.

"Akiba haiozi. Na mawe hayapigi hodi." Akahesabu upya zilizobaki. "Mia nne na ishirini kamili. Baba, kesho duka linafunguliwa saa ngapi?"

"Saa tatu," alisema baba.

"Basi mimi kesho nalala kwa jirani," alisema Babu, akanyoosha glasi yake ili aongezewe chai. Mama akamwekea barafu ya kawaida.