Mama Tahiri Atua Ndoo Bwawani

Mama Tahiri anaishi Masasi. Umri umeshapita sitini. Kila asubuhi hufagia uwanja, huchemsha chai, kisha hukaa na kukanda magoti. Yanauma kwelikweli! Daktari amemshauri aogelee, maana maji huubeba mwili na magoti hupumzika.

Mwanawe Tahiri amesema wazi: "Mama, magoti yasipopata nafuu, msimu huu huendi shambani kwetu Makote kuokota korosho."

Kwa Mama Tahiri, kukosa msimu wa korosho ni msiba.

Basi akaenda kwenye bwawa la nyumba ya wageni, saa za wanawake peke yao. Alivaa nguo ndefu ya kuogelea. Wifi yake, Faidha, alimsindikiza.

"Wifi, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga!" Faidha alimtania.

Kuelea alijifunza haraka. Kuvuka bwawa ndiko kulikomshinda. Alirusha mikono, akapiga miguu, akaishia katikati akihema. Kila siku ni hivyohivyo. Alikasirika mpaka akataka kuacha.

Scholastika, mwalimu wa kuogelea, alimsogelea. "Mama Tahiri, ulikulia wapi?"

"Makote, kule Newala. Maji tuliyafuata bondeni, tukapanda mlima na ndoo kichwani."

"Ndiyo maana! Shingo yako bado imebeba ndoo. Kichwa kikiinuka, miguu inazama, unachoka bure. Laza uso majini, utazame chini. Pumzi itoe humohumo, polepole. Ukitaka kuvuta nyingine, geuza uso pembeni tu."

"Nikinywa maji je, mwanangu?"

"Nipo hapa, mama. Tuanzie kwenye kina kifupi."

Mama Tahiri akalaza uso. Lo! Miguu ikapanda juu yenyewe! Akapuliza mapovu, akageuza uso, akavuta hewa. Akaenda, akaenda, mpaka mkono ukagusa ukuta.

"Nimevuka! Jamani, nimevuka!"

Faidha akapiga vigelegele.

"Pumzika sasa, mama," alisema Scholastika.

"Nipumzike nini?" Akageuka, akaondoka tena.

Aliendelea hivyo kila wiki. Miguu ikapata nguvu, maumivu yakapungua. Msimu ulipofika, Tahiri alipiga simu.

"Shikamoo, mama. Magoti yanaendeleaje? Upo nyumbani?"

"Marahaba. Nipo Makote, nimechuchumaa chini ya mkorosho. Nipigie baadaye baba, mikono imejaa!"