Baiskeli Iliyooshwa Miguu Juu

Kila siku nikirudi kutoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa ileile. Nilivua viatu, nikachukua ufunguo mdogo kwenye msumari nyuma ya mlango, nikachomoa betri ya baiskeli ya mama na kuibeba kwa mikono miwili hadi ndani. Ilikuwa nzito kama mtoto mchanga. Niliiweka sakafuni, mbali na pazia, nikachomeka chaja na taa nyekundu ikawaka. Baada ya saa nne taa iligeuka kijani, nami nikaichomoa. Katikati ya hapo nilifanya hesabu, nikapika, nikaosha vyombo. Baba alikuwa amefariki miezi minane iliyopita, na tangu hapo nilifanya kila kitu sawasawa bila kuhisi chochote. Walimu walinisifu. Shangazi alisema nimekua. Mimi nilijiona kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi, ila ganzi yangu ilikuwa mwili mzima.

Mama alikuwa mpeleka sampuli. Kila asubuhi alipitia zahanati nne, akapokea vichupa vya damu ya wagonjwa, akavipanga ndani ya sanduku la barafu na kuvifikisha maabara ya hospitali kuu kabla ya saa sita mchana. Damu haimngoji mtu. Ikichelewa huharibika, na mgonjwa hutobolewa upya. Zamani mama alifanya kazi hiyo kwa baiskeli ya baba, ya kukanyaga. Alirudi jioni hoi, miguu ndani ya beseni, hana hata nguvu ya kunigombeza. Baba alipofariki, mama aliiuza, akaongeza akiba yake yote, akanunua ya umeme. Kwa hiyo gharama yake ya kwanza haikuwa bei aliyoitaja muuzaji. Ilikuwa baiskeli ya baba.

Siwezi kusema uongo, baiskeli ile ilitufaa. Mama alipanda vilima huku anaimba. Saa tisa alasiri alikuwa nyumbani, na nguvu za kunigombeza zilirudi zote. Haikunywa mafuta, ndiyo maana fundi cherehani, jirani yetu, aliiita punda asiye na tumbo. Lakini punda huyo alikuwa na mambo yake. Umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi mama alitoka roho mkononi. Betri ikiisha njiani, unasukuma kilo thelathini za chuma. Tena betri huzeeka, kwa hiyo kila wiki mama aliweka kitu pembeni kwa ajili ya ile itakayofuata. Na mafundi wengi wa mtaani wakiiona walikumbuka ghafla kwamba wana safari.

Baba alikuwa na desturi yake ya Jumamosi. Aliipindua baiskeli miguu juu uani, kiti juu ya gunia, akazungusha gurudumu huku mimi namwaga maji kwa kata. Nilishika kata ile tangu nikiwa na miaka mitano. Tulisugua kwa mswaki wa zamani mpaka spoku zikang'aa.

Muuzaji wa baiskeli ya umeme alituonya. "Hii mnaipangusa kwa kitambaa chenye unyevu. Msiimwagie maji."

Nilimsikia kwa masikio yangu mawili. Wiki kadhaa nilipangusa kama nilivyoambiwa. Kisha Jumamosi moja mama alikwenda kwa shangazi, nami nikajikuta natandika gunia uani. Niliipindua peke yangu, kwa taabu. Nikazungusha gurudumu la nyuma, nikamwaga kata ya kwanza, ya pili, ya kumi. Sikuwa na hasira wala furaha. Mikono ilijua kazi yake, nami nikaiacha ifanye.

Nilipoisimamisha na kubonyeza swichi, kioo kidogo cha usukani kinachoonyesha chaji kiliwaka, kikazima, kikawaka tena. Nikasema moyoni, imekubali.

"Ala! Baiskeli inametameta," mama alisema aliporudi. "Umeifanyaje?"

"Nimeipangusa," nikasema.

Kesho yake gurudumu la nyuma lilipata pancha. Mama akaipeleka kwa Mzee Nati, fundi wa kwenye kona. Watu walimwita hivyo kwa sababu mifuko yake ilijaa nati, na inasemekana hakuna iliyowahi kurudi kwa mwenyewe. Ila yeye peke yake ndiye aliyekubali kujifunza baiskeli za umeme. Mota ilikuwa ndani ya gurudumu lenyewe, kwa hiyo alichomoa waya, akafungua gurudumu, akaziba pancha na kuurudisha waya mahali pake.

Jumatatu mama alirudi saa kumi na moja jioni, anasukuma. Mota ilikuwa imekata roho mlimani, na alifika maabara saa nane mchana. Walivikataa vichupa vyote. Msimamizi wake alimwambia kwamba akichelewa hivyo mara nyingine, kazi atapewa mwenye pikipiki.

"Ni Mzee Nati huyu," mama alisema, akijitupa kitini. "Jana kachezea ule waya. Kesho nitamweleza mbele ya watu wote, ili asiharibu kazi ya mtu mwingine."

Nilikuwa nakoroga mboga. Ningeweza kusema palepale. Niliendelea kukoroga, na mboga haikuhitaji.

Asubuhi tuliisukuma pamoja mpaka kwenye kona. Palikuwa na wateja wanne wanangoja, na mama hakusubiri hata salamu iishe.

"Mzee, umeniponza! Kazi yangu inataka kuota mbawa kwa ajili ya waya wako."

"Mama wewe, mimi nilifungua nati mbili na kuchomoa waya mmoja," Mzee Nati alisema. "Vyote nilivirudisha."

"Na nati alirudisha kweli? Hiyo ingekuwa mara ya kwanza!" mteja mmoja akasema, na wengine wakacheka. Mwingine akaanza kuiondoa baiskeli yake polepole. "Yangu nayo ya umeme," alisema. "Labda nitakuja siku nyingine."

Mzee Nati alimtazama anavyoondoka. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi. Nilijua kwamba nikinyamaza, mzee huyu atakosa wateja na mama hatajua kamwe ubovu ulipo, mpaka kazi iende.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Niliiosha kwa maji. Niliipindua miguu juu kama baba, nikaimwagia."

Mama alinitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza.

Mzee Nati alilifungua gurudumu, safari hii mpaka kifuniko cha mota. Alipoliinamisha, maji ya kutu yalichuruzika chini, yapata nusu kikombe.

"Sasa nimeelewa," alisema. "Hii inavumilia mvua, kwa sababu mvua hutoka juu. Wewe uliipindua, maji yakaingilia mlango wa uani." Alitikisa kichwa. "Lakini ungenyamaza, ningetafuta ubovu kwenye waya mpaka mwezi uishe. Nitaianika siku mbili na kubadilisha kiungo cha waya. Itapona."

Mama alimwomba radhi mbele ya watu walewale aliotaka kumwaibisha mbele yao. Tena alimwita yule mteja aliyekuwa anaondoka, akamwambia arudi. Kwangu hakusema kitu. Siku hizo mbili alizunguka kwa pikipiki za kukodi, na malipo ya wiki nzima yakaishia humo. Akiba ya betri nayo ikaguswa.

Jumamosi aliniambia nipande nyuma. Mota ilinguruma kidogo tu, tukapanda kilima bila jasho. Tulishuka kwenye zahanati ya pili, ambako wagonjwa wa Jumatatu waliitwa watolewe damu upya. Wa kwanza alikuwa mtoto wa kike wa miaka mitatu. Aliikumbuka sindano, akaanza kulia tangu mlangoni.

"Mshike mkono," mama aliniambia.

Nilimshika. Sindano ilipoingia aliuminya mkono wangu kwa nguvu zake zote, akanitazama mimi, si muuguzi. Hakujua kwamba alikuwa anatobolewa kwa ajili yangu. Kitu kifuani mwangu kikaachia. Nililia kwa sauti kuliko yeye, mpaka yeye mwenyewe akanyamaza kwa mshangao.

"Haya, nani hasa anatobolewa hapa?" muuguzi akauliza.

Mama alinitoa nje, tukakaa kwenye benchi la wagonjwa. Alinisubiri nimalize. Ilichukua muda, maana ilikuwa miezi minane.

"Maji yalikuwa bahati mbaya," alisema hatimaye. "Kunyamaza hakukuwa bahati mbaya. Ulikuchagua Jumamosi, ukakuchagua tena Jumatatu, na kila mara kuliwagharimu watu wengine. Mimi, Mzee Nati, na mtoto yule."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini sikiliza." Alikunja leso yake, akaikunjua. "Baba yako aliumwa miezi mitano akiniambia amechoka tu. Hakutaka kunitia wasiwasi. Alipokuja kusema, daktari alisema tumechelewa. Ndiyo maana siogopi kosa, mwanangu. Naogopa nyumba ambayo watu wake wananyamaza. Jambo liseme lingali dogo. Likikua halitakuomba ruhusa."

Nilifuta pua kwa kiganja. Kulikuwa na jambo moja lililobaki, na halikuwa dogo tena.

"Mama, sikutaka uiuze baiskeli ya baba."

Mama alinigeukia. Macho yake yalijaa, akayaacha yajae.

"Hata mimi sikutaka," alisema. "Ungesema, tungelia pamoja siku ileile."

Ndani, muuguzi aliita mgonjwa wa pili. Mama alisimama kuchukua sanduku la barafu, nami nikashika upande wa pili.