Mkono Unaopoza Maji

Mgeni aliingia saa moja asubuhi, saa ambayo kila mtu wa hosteli alikuwa anatoka. Mmoja anatafuta kiatu, mwingine anadai barua yake, wa tatu analalamikia balbu, na msimamizi, binti wa miaka ishirini na saba aliyejifunga kitambaa cha manjano kichwani, anawajibu wote kwa mdomo mmoja. Mgeni alipenya katikati yao na sanduku la chuma mkononi, shati lake jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina makali.

"Dada, maji yenu ya moto yana joto gani?"

"Kaka, kwenu salamu huanzia bafuni?"

Wapangaji wakacheka. Mgeni naye akacheka, ila macho yake hayakushiriki. Akainama kwenye kaunta na kushusha sauti. "Mwalimu wa ghorofa ya pili yuko hospitali, ana nimonia. Wamempima. Bakteria waliomwingia mapafuni huishi kwenye maji ya uvuguvugu. Mimi ni mpimaji wa maji, idara ya afya imenituma niwatafute hapa."

Ukutani, nyuma ya kaunta, bomba liligonga mara tatu. Ngo, ngo, ngo, kama mtu anayebisha hodi ilhali yuko ndani tayari.

"Wasafishaji wanasema huyo ni marehemu mama yangu," binti akasema, na hakuwa anatania. "Alikuwa dobi wa nyumba hii. Tangu afariki, mabomba hayajatulia."

"Bomba likipata moto hutanuka, likipoa hujikunja. Ndiyo maana linagonga. Mama apumzike kwa amani."

Alilisema kwa upole hata binti akasahau kukasirika.

Chumba cha boila kilikuwa chini ya ngazi. Tangi lilikaa pale gizani kama mnyama aliyelala, likiguna. Binti alifungua mlango kwa ufunguo uliokuwa kiunoni mwake, wa pekee, kama alivyoamini. Mpimaji akamulika kirungu cha joto, kile cha kuzungusha ili kupanga nyuzi za maji, akapiga mluzi.

"Nyuzi arobaini na mbili. Hapa wanazaliana kama wako harusini."

"Lakini maji hayo tunachemshia chai."

"Ukiyanywa si neno. Hatari ni ule mvuke na matone ya bafu ya mvua. Mtu anaoga, anaimba, anavuta pumzi, nao wanaingia." Akakizungusha kirungu hadi sitini. "Kuanzia leo kisishuke hapa. Nitafunga vali kwenye kila bafu, maji ya moto na ya baridi yachanganyike palepale ukutani, mtu asiungue. Vyumba visivyo na wapangaji, fungua koki kila wiki maji yamwagike. Maji yaliyolala huharibika kimyakimya. Na wewe utanipigia simu kila asubuhi."

"Kukuambia nini?"

"Namba tu. Ukiongeza na neno, sitakataa."

Basi kila asubuhi binti alipanda ghorofa ya tano, akafungua koki ya mwisho kabisa, akahesabu dakika moja, akatumbukiza kipimajoto, akapiga simu.

"Haya, Bwana Nyuzi. Hamsini na nane."

"Sauti yako ndiyo sitini kamili. Umekula?"

"Unapima maji au unanipima mimi?"

"Maji yana kipimo, mpenzi. Cha kukupimia wewe bado sijakipata."

Wiki ya tatu walikuwa wakitembea pamoja jioni baada ya kazi, yeye na gauni lake la bluu, kijana na shati lake la makali, akimweleza habari za mabomba kama mtu anayesoma mashairi. Baba yake binti, mzee aliyeitunza boila ile miaka thelathini na sasa akiishi na bintiye chumba cha chini, aliwatazama kutoka dirishani.

Kisha namba zikaanza kushuka.

Hamsini na tatu. Arobaini na tisa. Binti akateremka mbio hadi chumba cha boila. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile. Ndani, kirungu kilikuwa kimerudi arobaini na mbili. Na sakafuni palikuwa na nyayo za maji, za miguu mitupu, zilizokwenda moja kwa moja hadi kwenye tangi. Chumba kizima kilinuka sabuni ya mche, ile aliyokuwa akifulia mama yake.

Akakirudisha kirungu sitini. Kesho yake, arobaini na mbili tena. Nyayo zilezile. Msafishaji mkuu aliposikia aliweka ufagio chini. "Mwanangu, mimi ngazi hizo sishuki tena. Aliye huko ana mahitaji yake."

Siku ya tatu fundi cherehani wa ghorofa ya nne akaamka na homa na kikohozi. Mpimaji alikuja bila tabasamu.

"Ufunguo ni mmoja," akasema. "Uko kwako. Kampuni yenye hosteli hii imekuagiza ubane umeme?"

"Unadhani ningeweza kuua mtu ili nibane umeme?"

"Nadhani kirungu hakijizungushi chenyewe."

"Kumbe simu zote zile ulikuwa unanichunguza."

"Nilikuwa nakupenda. Bado nakupenda, ndiyo maana naumia. Bafu zote zifungwe tangu leo. Ijumaa nikikuta chini ya hamsini na tano, naifunga nyumba. Watu arobaini watatoka."

"Sawa. Ila usinipigie tena kuniuliza kama nimekula."

Siku iliyofuata, saa saba mchana, wapangaji wakiwa makazini na nyumba imenyamaza kama iliyohamwa, binti alijifungia chumba cha boila na kujibanza nyuma ya tangi. Jasho lilimtiririka. Bomba likagonga juu ya kichwa chake. Ngo, ngo.

Halafu ufunguo ukaingia mlangoni kutoka nje.

Nyayo zikaja polepole, chap, chap, zikinuka sabuni. Mkono ukajitokeza gizani, mkono uliokunjamana, ukashika kirungu na kukirudisha nyuma kwa uangalifu, kama mtu anayemfunika mtoto.

"Baba?"

Mzee hakushtuka. Alikuwa na taulo begani, kipande cha sabuni ya mche kwenye mkono mwingine, miguu mitupu imelowa, na shingoni kamba yenye ufunguo wa zamani, mweusi kwa miaka. "Shh. Mama yako ndiyo kwanza anaingia kuoga. Umeusahau mkono wake ulivyoungua? Nilimwapia, maji ya nyumba hii hayatamchoma tena."

Binti alitoka nyuma ya tangi. Alikuwa na miaka minane siku ile ndoo ya maji ya boila ilipomwagikia mkono wa mama. Kumbe tangu hapo nyumba nzima ilikuwa ikioga kwa kipimo cha mke mmoja.

"Baba, mama hayupo. Mwaka wa pili huu."

Uso wa mzee ukabadilika, kidogo kidogo, kama kioo kinachotokwa na mvuke. Akatazama kirungu, akatazama miguu yake mitupu. "Nimefanya nini? Kuna mtu ameungua?"

"Hakuna aliyeungua, Baba."

Akaivua kamba shingoni, akamwekea ufunguo kiganjani. "Usimwambie mtu kwamba kichwa kinaniacha. Mtu yeyote. Niahidi."

"Nakuahidi."

Ijumaa, koki ya mwisho ya ghorofa ya tano ilisoma hamsini na tisa. Mpimaji alikuwa ameyasafisha mabomba yote kwa maji ya nyuzi sabini. Mwalimu alikuwa ameanza kutembea wodini, na fundi cherehani homa ilikuwa imeshuka. Mpimaji alifungua fomu yake kaunta.

"Lazima nijaze sababu. Ni nani aliyekuwa anashusha?"

"Hatashusha tena. Ufunguo wa pili ninao, huu hapa."

"Kwa hiyo yupo. Mtaje, nikuombe radhi mbele ya watu wote."

Kwenye benchi la mlangoni mzee alikuwa ameketi, akitazama barabara. Neno moja tu lingetosha. Binti akausukuma ufunguo juu ya kaunta.

"Siwezi."

"Nisipoandika jina nitaandika nilichokikuta, kwamba funguo zilikuwa mikononi mwa msimamizi na hakueleza. Kampuni itakufukuza. Unajua?"

"Najua. Andika. Wewe si mtu wa kuandika uongo, na mimi sitaki uanze kwa ajili yangu."

Aliandika. Kalamu ilikwama mara mbili.

Jumatatu binti alitoka na sanduku la nguo, amemshika baba yake mkono. Mpimaji alikuwa nje, shati halijapigwa pasi. Akalipokea sanduku bila kuombwa.

"Sijalala siku tatu," akasema. "Nataka kukuoa. Ila niambie mimi peke yangu, hata kwa kunong'ona. Mume na mke wasiwe na siri."

Mzee aligeuka, akamkazia macho kijana kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Huyu nani?"

Mpimaji, ambaye mzee huyo alikuwa akimtazama dirishani jioni nyingi, akamkagua tangu miguuni hadi usoni. Kisha akamtazama binti, akangoja.

"Ni mtu ninayempenda, Baba," binti akasema, machozi yakimlenga. Akamgeukia kijana. "Na kwa lile swali lako la Ijumaa, jibu langu ni lilelile: siwezi."